Nilipokosa Maneno ya Kusali

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu kutoka Kalinzi. Sisi ni wazima, na babu yako anachuma kahawa ingawa goti bado linamsumbua.

Umeniuliza niliwezaje kuendelea kusali nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza. Ukweli ni kwamba sikuweza. Kila nilipoanza Baba Yetu, maneno yalinikwama kooni. Mama mkwe wangu aliliona hilo, akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa karibu. Nitasali mimi kwa ajili yetu sote wawili."

Basi kila jioni alisali kwa sauti, nami nikikaa kimya. Hakunilaumu hata mara moja.

Jioni moja kikohozi kilimbana katikati ya sala, akashindwa kuendelea. Nikasubiri. Mara nikajisikia mwenyewe nikiimalizia ile sala mpaka Amina. Akanishika mkono, tukalia pamoja.

Kwa hiyo, Neema, kama tangu upoteze kazi huko Dodoma maneno yamekuishia, usiogope. Mungu hajakuacha. Nenda tu ukakae na wanaosali.

Ni mimi bibi yako, ninayekutaja mbele zake kila siku.