Unyayo Uliotazama Mlangoni

Wazir, simu yako ya mezani iko bize, najua uko kwenye intaneti kwa laini hiyohiyo. Soma haraka.

Ule ukumbi ninaousafisha Takoma Park, jana waliukodi Wamanx, wale wazungu wa Kisiwa cha Man. Wakatandaza majivu mbele ya meko. Ni desturi yao: asubuhi ukikutwa unyayo umeelekea mlangoni, kuna mtu wa nyumba hiyo atakufa.

Mimi sikujua! Nimeingia alfajiri kufunga dirisha, nikayakanyaga nikitoka.

Bibi Quayle, mkubwa wao, kaja kauona unyayo, kakaa chini palepale. Mumewe anapasuliwa moyo leo. Nikamwambia, "Mama, ni kiatu changu hiki, tazama."

Akashusha pumzi, akacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Pole, Mwadini. Basi ni wa nyumba yako."

Wa nyumba yangu! Na mkono kanishika, kama tuko matangani.

Usinihubirie shirki, naijua. Lakini mke wangu Salme ana mimba kubwa na presha, na nampigia hapokei.

Hapokei, Wazir.

Panda juu ukamgongee sasa hivi. Akifungua usimwambie kitu, jifanye unaomba chumvi.