Njoo Ukate Majani

Ruanda, Mbinga
16 Februari 1997

Mwanangu Ignatio,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo na kazi ya kuchimba mawe ya thamani huko Tunduru? Sisi tu wazima, mkeo Edina na mtoto wenu Vitalia wanakusalimu. Mimi ni goti tu, nalo tumeshazoeana.

Ninachotaka ni kimoja. Machi uje ukate majani. Unajua ngoro haitengenezwi na wanawake peke yao. Mwanaume akate majani ayalaze miraba miraba mlimani, ndipo sisi tufukie kwa udongo, mashimo yabaki katikati na maji ya mvua yakae humo. Tangu baba yako afariki, ntambo wetu, mlima wote huu aliotuachia, haujalazwa jani. Mashimo ya zamani yanajaa udongo. Pankras wa ng'ambo ya bonde ana mlima wake wa kulima, sitamsumbua tena.

Na ile nyumba ya bati uliyomjengea Edina iko chini ya mlima huo huo. Usisahau.

Mama yako,
Kunigunda


Tunduru
20 Aprili 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Barua yako imenikuta Machi imekwisha, nilikuwa porini. Nisamehe.

Tumekaribia changarawe yenye mawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka mgongo umepinda. Nikiondoka sasa, wenzangu watagawana shimo langu. Mwaka huu limeni matuta tu, mama. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anajitafutia. Hata chama cha ushirika kimekufa na sikusikia msiba.

Nimempa Masoudi, mwenye duka, khanga ya Edina. Atapita Mbinga.

Mwanao,
Ignatio


Ruanda
3 Novemba 1997

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Unakula? Khanga imefika, Edina anaivaa kila Jumapili na kutembea taratibu ili watu waisome.

Matuta tumelima kama ulivyosema. Mvua imewahi, na ya kwanza tu imeyakata, udongo ukashuka mpaka jikoni kwa Edina. Zamani ningemwita bwana shamba. Alipunguzwa kazi, sasa anauza soda stendi. Juu ya nyumba kuna ufa ardhini, mkono wangu unaingia wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu hauzibiki, nimejaribu.

Nataka Edina na mtoto wahamie kwangu, huku juu penye mwamba. Anasema mpaka mumewe aseme. Basi sema.

Mama yako,
Kunigunda


Tunduru
14 Desemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku nako mashimo yamejaa, tunakausha kwa ndoo. Redio inasema ni nchi nzima.

Kuhusu Edina, asiiache nyumba. Bati zile nimezitolea jasho, na nyumba ikikaa tupu wiki moja zitang'olewa, watu unawajua. Vitalia mchukue ukipenda. Ule ufa fukieni vizuri, utatulia.

Pasaka nakuja mwenyewe. Nitakata majani mlima mzima mpaka mnichoke.

Mwanao,
Ignatio


Ruanda
9 Machi 1998

Ignatio,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na Vitalia tu wazima.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima nilimwambia Edina twende wote misa. Akasema, "Mama, baba Vitalia ameandika nyumba isiachwe." Nikaenda na mtoto. Tulikuwa tunatoka kanisani tuliposikia mlima unanguruma. Tulipofika hapakuwa na nyumba, wala bati moja. Ni udongo mwekundu tu, kutoka juu mpaka mtoni.

Mkubwa mmoja wa wilayani alikuja. Daraja limekatika, kwa hiyo alisimama ng'ambo akapaza sauti kwamba haya ni maafa ya asili, nchi yetu ni maskini, tusubiri wafadhili. Kisha akageuza gari. Tangu niko msichana, mvua ikizidi tunaambiwa hivyo hivyo. Lakini mvua hiyo hiyo imemnyeshea Pankras, na mlima wake upo, mashimo yamejaa maji na mahindi yamesimama. Nimeutazama mlima wake mpaka nikachukia watu wote, na wewe wa kwanza. Sikufichi.

Usije kukata majani. Hakuna tena mahali pa kuyalaza.

Edina hatujampata. Pankras na wanawe wamechimba wiki nzima, majembe yanagonga mawe tu. Jana wamerudi shambani kwao, na siwalaumu. Vitalia ananiuliza kila asubuhi kama mama yake bado analinda nyumba.

Mchimbaji ni wewe. Njoo uchimbe.

Bibi yake Vitalia,
Kunigunda