Nilisema Naweza Peke Yangu, Sasa Mwenzangu Anaondolewa

Mpendwa Bi Mwantumu,

Shikamoo mama, nakuomba unisaidie kabla mwezi haujaisha maana chakula hakipiti, na hasira nilizo nazo sijui nimmalizie nani, msimamizi wangu au mimi mwenyewe. Mimi ni mke wa mtu, kwetu Singida, nakaa Shirimatunda na mume wangu Kalisti ambaye ni fundi baiskeli, na huu ni mwaka wangu wa nne katika ghala moja la mbegu za maharage hapa Moshi. Kazi yangu ni kutoboa kadi. Kila mfuko wa mbegu unaotoka lazima uwe na kadi shingoni, na kadi inatobolewa matundu matatu, tundu la aina ya mbegu, tundu la msimu, tundu la kijiji ilikotoka, ili hata asiyejua kusoma akiitazama ajue ameshika nini. Koleo lenyewe ni kama lile la kondakta wa basi la kutobolea tikiti, unalibana kwa mkono wa kulia, kadi umeishika kwa wa kushoto, mfuko unauzuia kwa goti usianguke, mara tatu kila mfuko, na mifuko ni mia sita kwa siku. Jioni nilikuwa siwezi kukamua nguo, vidole vimevimba, ikafika mahali Kalisti ndiye ananifungulia vifungo vya gauni.

Basi nikasema haiwezekani, mguu umekaa bure na mkono unakufa. Nikatafuta kanyagio la cherehani bovu, Kalisti akanipa waya wa breki ya baiskeli, tukalifunga koleo mezani kwa mpini wake mmoja, na ule wa juu tukauunga na waya ukapita kwenye tundu la meza mpaka chini kwenye kanyagio. Ukikanyaga, koleo linabana, ukiachia, springi inalifungua lenyewe. Mikono yote miwili ikawa huru kushika mfuko na kusogeza kadi, na wiki ile nilianza kufunga vifungo vyangu mwenyewe.

Balaa likaanzia hapo. Pembeni yangu anakaa dada Mektrida, mtu wa Kirua Vunjo, mkubwa wangu kwa umri, yeye anafunga mdomo wa mfuko kwa kamba nikishatoboa kadi. Ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye aliyetupokea kwake wiki tatu tulipofika Moshi hatuna chumba, hata kupika kiburu, zile ndizi na maharage za Kichaga, nimejifunzia jikoni kwake. Msimamizi wetu, Ndugu Nikodemo, alipoona lile kanyagio hakuuliza mkono wangu unaendeleaje, alinitazama tu akasema, "Kumbe una mikono miwili haina kazi!" Kesho yake akaja na meneja, akaniuliza mbele ya ghala zima, "Salvina, ukiongezewa na kufunga kamba, utaweza?" Bi Mwantumu, hapa naandika kwa aibu. Watu wamenizunguka, meneja anatabasamu, nami sijawahi kutazamwa na meneja tangu nizaliwe, nikajikuta nasema, "Naweza peke yangu, Ndugu Meneja," na nikawaonyesha, nikatoboa na kufunga mifuko ishirini mbio mbio, wakanipigia makofi. Dada Mektrida alikuwa amesimama hapo hapo, kamba mkononi.

Juzi ameambiwa mwisho wa mwezi ahamie shamba la mbegu kule Kahe akapalilie, na asipotaka, aache kazi. Mwanamke wa miaka hamsini, mgongo mbovu, juani! Mimi sasa natoboa na kufunga peke yangu na mkono umevimba kuliko mwanzo, dada Mektrida haitikii salamu yangu, nimempelekea kiburu kikarudi sufuria haijafunuliwa, na Kalisti ananiambia nishukuru kwa sababu jina langu litasomwa kati ya wafanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Jina! Nimewaza nifike asubuhi mapema nikate ule waya, niseme umekatika wenyewe, au niache kazi kabisa. Niambie mama, nifanye lipi?

Salvina, Shirimatunda

*

Salvina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama kwa hasira.

Huyo msimamizi wako ni mtu wa namna gani? Mkono wa binadamu umepumzika wiki moja, yeye ameona mahali pa kupakia mzigo! Angekukuta unapumua kwa pua angeuliza mdomo unafanya nini. Mwongozo wa chama umesomwa mpaka maghalani, viongozi wameambiwa waache ubwana, na bado kuna watu wanaitana ndugu huku wanahesabu vidole vya wenzao. Na huyo meneja anayetabasamu, mgongo wa Mektrida aliutazama? Hakuutazama.

Lakini na wewe, mwanangu, usijifiche nyuma ya Nikodemo. Uliulizwa habari ya siku nzima ukajibu kwa mifuko ishirini. Mwenzako amesimama hapo, unamwona, na makofi yakakunogea. Nikodemo alichimba shimo, sawa, ila aliyemsukuma dada wa watu ni ulimi wako. Uchungu unaousikia ni haki yako, usiukimbie.

Waya usikate. Hiyo ni akili yako na jasho la mumeo, na ukiukata utarudishiwa koleo mkononi, Mektrida ataenda Kahe vile vile, na juu yake utakuwa mwongo. Kuacha kazi nako ni kukimbia tu. Atawekwa mwingine kwenye kanyagio lako, naye atavimba.

Nenda kwa Mektrida kesho, mchana kweupe. Usibebe kiburu. Umempelekea chakula kwa sababu ulikuwa unaogopa kumpelekea maneno. Mwamkie, mwambie, "Dada, nilitaka sifa nikakuuza," halafu nyamaza. Usitie "lakini" hata moja. Akikutukana, tukanwa.

Kisha ongozaneni kwenye kamati ya wafanyakazi. Vua aibu, weka ule mkono mezani wauone. Waambie ulisema uongo, kwamba mifuko ishirini si mia sita. Waambie kanyagio linatosha nyote wawili: nusu ya siku Mektrida akanyage, mgongo wake upumzike, wewe ufunge kamba, na nusu nyingine mbadilishane. Na Ndugu Nikodemo akibisha, aombwe akae yeye mwenyewe kwenye meza hiyo, atoboe na afunge, tangu king'ora cha asubuhi hadi cha mchana, meneja akiwa hapo hapo anamtazama. Nataka kuona kama atapigiwa makofi.

Kalisti mwambie jina la mkewe lisisomwe popote kabla jambo hili halijanyooka. Sifa gani ya kusomewa huku mwenzako analia Kahe?

Na kamati nayo ikikuangusha, maana kamati nyingine ni za chai tu, usirudi nyumbani kulia. Siku ya kwanza ya kazi mwezi ujao, ukifika ukakuta kigoda cha Mektrida kimeondolewa, na wewe usikae. Simama mezani, mikono umeikunja, mifuko irundikane mpaka mlangoni. Watakuja wenyewe kukuuliza kwa nini umesimama. Waambie unamngoja mwenzako.

Bi Mwantumu