Bangili Ndani ya Unga na Katuni ya Roho

Mpendwa mshauri Bi Dhahabu, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, maana siku hiyo mavyaa wangu, mamake mume wangu, ataka mwanangu Rania, miaka tisa, anyweshwe kombe atolewe jini, na jini lenyewe ati limetoka kwenye katuni. Ni katuni ya Kijapani tunayoitazama kwa simu yangu akitoka chuo cha Kurani, vipande kumi na viwili, yuko msichana mpelelezi anayeona roho za waliouawa, na mimi niliishia darasa la saba, yale maandishi ya chini yanikimbia, basi Rania hunisomea huku nikimsuka, na wallahi sijapata kuona katuni nzuri kama hii, kwa sababu roho hazimwambii nani aliyeua, humwonyesha mahali tu, ushahidi autafute mwenyewe, ingawa kipande cha saba kina damu nyingi nikamfumba macho, na mwisho wake waliuharakisha.

Sasa wiki jana bangili ya mavyaa ilipotea, akamshika Rosalia anayetufulia, "Ni wewe! Nitakupigia ramli uumbuke!" Rania akauliza mbele ya majirani, "Nyanya, jana ulikanda mahamri na bangili mkononi?" "Huivua, huiweka kando ya unga, kwani mimi mjinga?" Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye debe la unga, akachakura, bangili hiyo! Jirani mmoja akacheka, "Bi Sabah, mwizi wako ni unga!" Mavyaa hakucheka. Akasema mtoto kaambiwa na jini. Mume wangu Mansur yuko Lamu kikazi, kwenye simu asema, "Mridhishe mama, kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji tu, litamdhuru nini?" Lakini jana Rania kaniuliza, "Mama, kweli nina jini?" Nimeazimia hanywi, ila naogopa kuvunja nyumba. Nifanyeje?

Fairuz, Mtongwe

Fairuz mwanangu, pole. Katuni umeipima sawasawa: inayomfunza mtoto kutafuta ushahidi kabla ya kumtaja mtu ina faida kuliko ramli. Lakini na wewe una lako. Kipande cha saba ungekitazama kwanza peke yako. Umemfumba macho, masikio je? Na mtoto alipoanza kuuliza mbele ya watu, ungemshika mkono mkaingia chumbani na nyanya yake. Kilichomuuma mavyaa wako ni kile kicheko.

Leo hii Rania ambusu nyanya mkono, amwombe radhi kwa kumuuliza mbele ya watu. Kwa hilo tu; kwa kuiona bangili asiombe. Rosalia kaitwa mwizi bure, mwombe radhi wewe kama mavyaa hawezi. Mansur mwambie waziwazi: mtoto akishanyweshwa, atajiona ana jini, na kila akijua jambo atanyamaza. Na swali la Rania usililaze. Mjibu, "Huna jini, mwanangu," hata mara kumi.

Ijumaa kombe likiletwa, usibishane. Aya za Mungu hazirudishwi. Lipokee kwa mikono miwili, useme bismillahi, ulinywe wewe mpaka tone la mwisho. Kisha umwambie mavyaa, "Ahsante mama. Rania haumwi. Alifikiri tu."