Ukuta wa Tatu Haukushika

Mama,

Bado nakuita hivyo. Tangu nikuzae nikakupa jina la mama yangu, Nyambura, sikuwahi kukuita mtoto. Nilikuita Mama, na wewe ukaitikia ukicheka, "Sema, kasichana kangu." Sasa nimezika mama mara mbili. Sijui nitamwita nani tena.

Naandika polepole, unajua shule niliiachia wapi. Lakini nikitaja ukuta, watu wananiambia nyamaza, ni mapenzi ya Mungu. Wewe ni fundi. Wewe utanisikiliza.

Unakumbuka vile mawe ya chumba changu yalikuwa yanapitisha ukungu wa hapa Tetu mpaka blanketi linalowa. Ukasema utanipigia plasta mwenyewe, na si kama wale wa haraka. Tulienda pamoja kuchagua mchanga. Mimi nikapenda ule mweusi, laini kama unga. Ukausugua kwa kiganja, ukanionyesha matope yaliyobaki. "Huu ni udongo, Mama. Ukikauka utapasuka." Ukachukua ule mkali wa mto, wa kutoka upande wa Doldol, na chokaa kidogo ya kuchanganya na simiti, ati plasta isikauke kwa hasira. Nikakuuliza, kumbe plasta iko na hasira? Ukasema, "Iko, lakini haimfikii Tata Wairimu." Dada yangu, huyo tata yako, alikuwa hapo nyuma, akakupiga na leso.

Ukayamwagia mawe maji mpaka yakashiba. Ukarusha plasta ya chini kwa mwiko, ukaivuta na ubao, na kabla haijakauka ukaichora mistari na msumari, ili plasta ya mwisho ipate mahali pa kushika. Mwangi, yule mliyekuwa mkifanya naye kazi mjini Nyeri, alikuwa anakuchanganyia. "Nyambura, unapiga plasta ama unapamba keki ya harusi?" Ukamrushia simiti kwa kofia. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ukuta wa tatu, wa mwisho wa mawe, uliumaliza ukikohoa. Nilikuomba upumzike. "Nikiachia katikati, itaonekana milele." Ukaniambia niunyunyizie maji asubuhi na jioni, wiki nzima, kama miche ya kabichi, kwa sababu plasta ikikauka juu haraka, huko ndani inakuwa haijashika. Kesho yake tukakupeleka hospitali. Mapafu, wakasema. Hukurudi.

Hata ile wiki ya maji haikuwa imeisha, na mazishi yalikuwa bado. Watu walikuja kila jioni kuomba, vile sisi hufanya. Sebule ikajaa, wanawake wakaingia kwa chumba changu. Baridi ilikuwa ile ya kukata masikio. Wairimu akaleta majiko mawili ya makaa, akayaweka chini ya ukuta wako mpya, ati nisipatwe na ugonjwa juu ya msiba. Alifanya kwa upendo. Mimi nilikuwa nimelala hapo, naona ukuta unakuwa mweupe, mweupe haraka, na nilijua. Nilijua, Mama. Nikayaacha yawake.

Baada ya mazishi Mwangi akaja kumaliza kazi. Akagonga kuta na vidole. Mbili zilikuwa ngumu, nzuri. Ya tatu ikatoa sauti ya kibuyu kitupu. Akagonga tena, akagonga tena, kama mtu anabisha kwa nyumba anajua haina watu. "Mathe, hii imeachana na mawe. Lazima itoke, ama itakuangukia." Nikamfukuza. Haki nilimfukuza, na mwiko wako mkononi. Nikamwambia anaona wivu kwa kazi yako. Aliacha karai na ubao hapo mlangoni, akaenda.

Halafu nikaanza kuunyunyizia maji. Asubuhi na jioni, vile uliniambia. Nilijua ni kazi bure, lakini mkono ukienda na kopo moyo ulikuwa unatulia kidogo. Siku moja Wairimu akanikuta. "Unafanya nini, dada?" Akaangalia ukuta, akaangalia mahali majiko yalikuwa, akashika kichwa. "Ni mimi?" Nikamwambia hapana, ni mchanga tu ulikuwa mbaya. Nilisingizia mchanga wako, Mama. Ningefanya nini, nimzike hata dada?

Wiki iliyopita kipande kikaanguka kando ya mto wangu wa kulalia. Nikaangalia mahali kilipotoka. Jiwe la nyuma lilikuwa safi. Halikuwa hata na vumbi la simiti. Kama hukuwahi kupita hapo. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Nililia vile sikulia kaburini, nikiwa nimeweka kiganja kwa jiwe, na jiwe ni baridi tu.

Nikamtumia Mwangi ujumbe. Alikuja siku hiyo hiyo, hata hakutaka chai kwanza. Ametoa ukuta wako wote. Alitumia nyundo ndogo, polepole, na kila kipande alikiweka chini, hakukitupa. Mchanga nilichagua mimi. Niliusugua vile ulinifunza.

Kesho anapiga plasta ya chini upya. Ikishika, anapiga ya mwisho, na kwa zile kuta mbili mistari yako itafunikwa. Hakuna kitu kingine chako kwa hii nyumba kiliandikwa na mkono wako. Nguo zako zimeanza kunuka sanduku. Mwangi akaniuliza, "Niache kipande bila kufunika, mathe? Hapo juu ya kitanda, kwa ukuta wa pili?" Nikamwambia aniache nifikirie. Nilitaka, Mama. Bado nataka. Usiku wote nimeweka kidole kwa huo mstari, nikiufuata mpaka unaisha.

Lakini mahali pakiachwa, ukungu utaingilia hapo, na kazi yote itaanza kuoza kutoka kwa hicho kipande. Wewe hungekubali. Kwa hivyo nakuahidi: nitamwambia afunike yote. Usiniambie nitapona, wanaosema hivyo nimechoka nao. Nakuahidi ukuta peke yake.

Sitaangalia. Akianza upande wa kitanda nitatoka niende kwa ng'ombe, nikamue hata kama si saa yake.

Kwaheri, Mama yangu.