Kombe Zangu Zinanuka Mafuta

Jumatatu, 4 Machi 1957
Maji yamekupwa mapema. Nimechimba kombe mlangoni mwa mto Msimbazi, nikazifukia na magamba yake kwenye kizizi changu cha vijiti, pale pale topeni. Ndiyo desturi yangu. Zinakaa hai, zinanenepa, Ijumaa nazipeleka sokoni Kariakoo. Zuhura hana kizizi. Anaokota mchangani kule Upanga na kuuza siku hiyo hiyo. Mvivu. Mke mwenzangu mwaka wa pili sasa, na kufuga kombe hajui.

Nimefua shati la gereji la mume wetu. Zuhura alitaka kulifua yeye. Nimemuwahi.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Mteja wangu wa siku zote kanirudishia bakuli zima, kombe zimeshapikwa. Zinanuka mafuta ya taa. Nikaonja. Kweli.

Za Zuhura zimekwisha kabla ya adhuhuri. Kajitanda kanga mpya, anacheka na wateja wangu. Mimi kanga sikununuliwa.

Nani mwingine wa kunimwagia mafuta? Ni yeye tu.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwambia Zuhura usoni, mbele ya mume wetu. Hakupandisha sauti. "Dada, huko topeni kwako sijawahi kutia mguu."

Mume akasema nina wivu. Ninao, tena mwingi. Lakini wivu haujaniziba pua.

Jumanne, 12 Machi
Nimejificha kwenye mikoko ili nimkamate. Hakuja mtu. Maji yaliyosalia juu ya tope ni safi kabisa, visamaki vinapita. Nimechoka kungoja, nikachomeka fimbo kizizini. Likatoka tope jeusi, na utando wa rangi rangi ukaenea juu ya maji. Nikanusa.

Harufu hii naijua. Naifua kila wiki.

Nikafuata mfereji hadi nyuma ya gereji ya kina mume wetu, iliyohamia karibu na mto baada ya Krismasi. Mume wetu yuko pale na debe. Mafuta ya taa waliyooshea vyuma, oili chafu, vyote anamwaga mferejini. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mama Rehema, si maji yanachukua? Hayo yameshafika baharini."

Hayajafika. Maji yamepita, tope limeshika mafuta. Na kombe zangu nimezifukia humo humo kwa mikono yangu, zikanywa kutwa kucha.

Nimemwambia aache. Anasema tajiri wake ndiye kaamuru, na yeye hafukuzwi kazi kwa ajili ya kombe.

Jumatano, 13 Machi
Nimeng'oa vijiti. Kila shimo linatoa ile rangi. Hata wakiacha kumwaga leo, sijui tope hili litasafika lini. Mahali hapa alinionyesha mama. Nimelia, kisha nimenawa uso.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwomba Zuhura radhi jikoni. Hakuacha kukuna nazi.

"Yameisha, dada. Kesho maji yanakupwa asubuhi. Twende wote."

Bora angenitukana.

Jumamosi, 16 Machi
Tumekwenda Upanga. Mchanga hauna harufu. Zuhura ana mkono mwepesi kuliko nilivyodhani. Bado ananikera, na ile kanga inampendeza.

Shati la gereji liko kwenye beseni tangu juzi. Mimi sikuligusa. Jioni nimechungulia. Zuhura naye hajaligusa.