Majina Ambayo Hayakusomwa Bamgol

Bamgol, 18 Septemba

Kwa binti yangu Sonyul,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba umeanza kulala mapema kama ulivyoahidi. Huku hatujambo. Goti la mama yako humsumbua asubuhi, jua likipanda linamwachia. Matofaa ya upande wa mashariki yameanza kuwa mekundu. Najua utasema ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe ni "ndiyo baba, ndiyo baba," na nikishakata sikumbuki tulichoelewana. Barua naweza kuinakili kwenye shajara yangu.

Jumatatu tulitundika bango lako mlangoni mwa kijiji, palepale lilipotundikwa la mtoto wa Choe alipopata uhakimu. Lako ni refu kuliko lake, nililipima mwenyewe. Limeandikwa: "Hongera Tak Sonyul, binti wa Tak Gyuho wa Bamgol, kwa kazi ya kuokoa maisha ya Wakorea." Mama yako anasema nimejipenyeza humo. Nilimjibu kwamba binti hakuota shambani.

Tangu majaribio ya mradi wenu wa serikali yaanze wilayani kwetu, kila anayechukua leseni ya udereva au kuipa muda mpya anaulizwa kama angependa viungo vyake vipewe wagonjwa akishafariki. Mwenyekiti wetu Pyo hana mazungumzo mengine. Unajua mke wake figo zimekufa, anapelekwa mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na foleni ya kungojea figo haisogei. Juzi Pyo alikuja kwangu na chupa ya pombe ya mchele akaniambia, "Baba Sonyul, bango moja halitoshi. Tutundike la pili, lenye majina ya wanakijiji wote waliosema ndiyo. Watu wapewe heshima yao wangali hai."

Nililiona ni wazo zuri sana. Mtu atoe moyo wake na asipigiwe hata makofi? Nikamwambia majina yako kwa binti yangu, nitayapata. Kwa hiyo niletee ya Bamgol tu, vijiji vingine vitajijua. Yakifika kabla ya siku ya kijiji kizima kutia kabichi chumvi kwa ajili ya majira ya baridi itafaa, maana wote tutakuwa uwanjani.

Ni mimi,
Baba yako


Sejong, 25 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye treni, nikacheka peke yangu hadi mama mmoja akahama kiti. Mimi ni mzima, ila nakula tambi za kikombe mara nyingi kuliko ninavyomwambia mama. Mwambie asipande ngazi za kuchumia matofaa na goti hilo. Picha ya bango imefika ofisini kabla yangu. Mkuu wangu ameibandika ukutani na sasa wananiita Bamgol.

Kuhusu majina, Baba, sina. Usidhani nimekatazwa au namwogopa mtu. Hayapo popote, kwa sababu ndivyo nilivyoutengeneza mfumo wenyewe.

Fikiria pilipili za mama. Zikishakuwa unga, hakuna awezaye kukurudishia pilipili yenyewe. Mtu akijibu ndiyo, namba ya leseni yake inasagwa hivyohivyo. Tunatunza unga, bila jina, bila kijiji. Kinu chenyewe kiko ofisi nyingine ambayo mimi siruhusiwi kuingia. Siku daktari atakapokuwa na mgonjwa ambaye hawezi kurudi tena, namba ya mgonjwa huyo mmoja itapelekwa kwenye kinu, isagwe, ilinganishwe na unga uliotunzwa. Ukifanana na mmojawapo, mfumo unasema ndiyo, na ndipo jamaa zake wanaitwa kuzungumza na daktari. Usipofanana, mfumo unanyamaza. Hakuna atakayejua kama alikataa au hakuwahi hata kuulizwa.

Utaniuliza, kuna aibu gani kusema ndiyo? Hakuna, Baba. Lakini orodha ya waliokubali ni orodha ya waliokataa pia. Kijiji chetu ni kidogo. Ukimaliza kusoma majina, kila mtu ataanza kuhesabu waliobaki.

Mwombe radhi mwenyekiti kwa niaba yangu, na umsalimie sana mke wake.

Mwanao,
Sonyul


Bamgol, 2 Oktoba

Sonyul,

Tumepata barua yako. Tu wazima. Sikukuu ya mavuno ilipita salama bila wewe.

Nimeisoma mara tatu. Sijawahi kusikia mpishi asiyeweza kuonja chungu chake mwenyewe. Niliendesha basi la wilaya miaka thelathini na nilimjua kila aliyepanda na alikoshukia, na sikumdhuru mtu.

Tatizo ni kwamba Pyo amekwisha kutangaza. Asubuhi ya sikukuu, watu wamerudi kutoka mijini na watoto wao, alifungua kipaza sauti cha kijiji akasema majina yatasomwa siku ya kabichi, na kwamba binti wa Tak Gyuho ndiye atakayeyaleta. Choe akaniambia mbele ya watu, "Tutaona kama bango lako ni refu kwa kitambaa au kwa kazi." Sasa unataka nisimame uwanjani niwaambie habari za pilipili?

Fikiria tena.

Baba yako


Sejong, 9 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Natumai goti la mama halijazidi kwa baridi hii.

Nimefikiria, na jibu ni lilelile. Lakini kuna jambo lazima ulijue. Karani wa leseni wa huko kwetu amenipigia simu. Watu wamekuja kufuta majibu yao. Hakuniambia ni akina nani, nami sikumuuliza, ila wote walitaja kipaza sauti.

Kamati inakaa Desemba kuamua kama majaribio yaendelee mkoa mzima au yafungwe. Waliotupinga mimi na wenzangu tangu mwanzo walikuwa na hoja moja tu: kwamba siku moja majina yatatoka. Yakisomwa majina Bamgol, hata kama ni ya kubuni, watakuwa wamepata walichokitafuta, tena kijijini kwa baba yangu. Mradi utafungwa, na mke wa mwenyekiti ataendelea kungoja kwenye foleni ileile. Nimeipa kazi hii miaka mitano.

Sikuombi unielewe. Naomba uwazuie wasisome.

Mwanao,
Sonyul


Sejong, 30 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Kifurushi cha matofaa kimefika, nimetambua mwandiko wa mama juu ya boksi. Ndani nimetafuta barua, sikuiona. Mko salama? Siku ya kabichi ni lini mwaka huu?

Sonyul


Bamgol, 29 Novemba

Kwa binti yangu Sonyul,

Natumai hujambo na kwamba huko theluji haijaanza. Sisi tu wazima, na mikono yetu yote inanuka kitunguu saumu. Kimchi yako, kabichi yetu ya chumvi na pilipili, itakuja na gari la Alhamisi, mitungi miwili. Mmoja usiufungue hadi mwaka mpya.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Kwenye shajara siku hizo niliweka habari za hewa tu. Sasa nitakueleza kwa utaratibu.

Nilipoona majina hayatatoka kwako, niliamua kuyatafuta mwenyewe. Nilianza na nyumba ya juu karibu na msitu nikashuka, kila jioni nyumba tatu nne. Niliuliza kwa adabu, "Je, ulisema ndiyo?" Na unajua, kila mtu alisema ndiyo. Bibi Gu alisema ndiyo, naye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Choe alisema ndiyo kabla sijamaliza swali. Kijana wa Nam anayefuga kuku alisema ndiyo huku anatazama viatu vyangu. Nikamaliza nyumba zote nikiwa na ukurasa uliojaa na roho isiyotulia. Niliwabeba watu hawa miaka thelathini. Mtu akikwepa nauli namjua hata kwa mgongo wake.

Lakini nilikuwa nimeahidi. Siku ya kabichi nikaamka nikavaa koti langu zuri, ukurasa mfukoni. Mama yako alikuwa uani anasuuza majani. Akaniuliza ni majina mangapi. Nikamwambia ni nyumba zote, na kwamba la kwanza kabisa ni lake.

Akasema, "Mbona mimi hukuniuliza?"

Nikamwambia, "Nikuulize nini, wewe si ndiye Mama Sonyul? Unafikiri watu watatarajia nini?"

Akaendelea kusuuza. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Na kama kwa Sonyul jina langu halipo?"

Basi. Hakusema lipo, hakusema halipo. Akachukua beseni lake akaingia ndani. Unakumbuka jinsi babu yako mzaa mama alivyokuwa mkali juu ya mwili tuliopewa na wazazi, kwamba mtu arudi kaburini kamili kama alivyokuja. Unakumbuka pia kwamba ni mama yako aliyekesha na mke wa Pyo hospitalini majira ya baridi yale alipougua. Nimeishi naye miaka arobaini na mbili na sikuweza kukisia. Sikumuuliza. Wewe pia usimuulize.

Nilisimama pale nikajiona niko uwanjani na karatasi, nasoma, na yeye ameketi kati ya wanawake na glavu zake nyekundu, anangoja kuona kama mume wake atamsemea uongo mbele ya watu au atamwacha nje ya kazi ya binti yake mwenyewe. Nikauingiza ukurasa chini ya sufuria kubwa ya nyama, moto ukaumaliza.

Uwanjani Pyo alikuwa ameshawasha kipaza sauti. Nilimwambia kimya kimya kwamba hakuna majina. Alidhani natania. Alipoona sitanii akabadilika rangi, akaniambia nimemfanya mwongo mbele ya vijiji vitatu, na kwamba ninyi wa ofisini mnajali makaratasi kuliko figo za mke wake. Kipaza sauti kilikuwa wazi, Sonyul. Hadi wenye mashamba ya ng'ambo ya kijito walisikia. Choe alikuwa anatabasamu.

Mtu mwenye mgonjwa utamjibu nini? Aliyejibu ni mke wake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki amefunikwa blanketi, maana siku hizo za kusafishwa damu hana nguvu. Akamwita kwa sauti ndogo tu, lakini hata wa mabeseni ya nyuma walimsikia.

"Anayengoja ni mimi," alisema. "Sitaki kujua nani alikataa. Kesho nitakula naye kabichi hii vipi?"

Pyo akazima kipaza sauti. Ilichukua muda, kitufe kimechoka. Halafu Bibi Gu akauliza kama tunatia chumvi au tunaungojea mwaka mpya, na watu wakarudi kwenye mabeseni. Kijana wa Nam alininyang'anya mabeseni mazito siku nzima bila kusema kwa nini. Na hakuna aliyemhesabu mwenzake, nilitazama vizuri.

Jioni Pyo alikuja na kimchi mpya na nyama, tukala. Hatukuzungumzia jambo hilo. Mke wake bado anakwenda mjini mara tatu kwa wiki. Kama kuna makosa mbele ya kamati yenu, waambie ni ya baba yako, na kwamba yameishia motoni.

Nilifikiri bango ndilo lilikuwa fahari yangu. Kumbe sikuwa nimejua umefanya nini.

Baba yako


Sejong, 15 Desemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo wewe, na shikamoo mama. Kimchi ilifika, mtungi mmoja nimeufungua, wa pili naulinda dhidi ya wenzangu.

Kamati ilikaa jana. Waliuliza habari za kipaza sauti cha Bamgol, maana ilikuwa imefika kwao. Nikawasomea barua yako, sehemu ya mke wa mwenyekiti tu. Ya mama niliiruka. Mzee mmoja aliyenipinga miaka yote mitano alivua miwani akaifuta, akasema hana swali.

Tunaendelea, Baba. Kuanzia majira ya kuchipua, mkoa mzima. Na karani wa huko ameniambia waliofuta walirudi. Hakusema wote, nami sikumuuliza.

Mwezi uliopita mfumo uliulizwa kwa mara ya kwanza kutoka hospitalini, ukajibu ndiyo, na jamaa za mgonjwa wakakubali. Sijui ni nani, sijui ni wilaya gani kati ya zile tatu za majaribio, sijui waliopokea. Nilipoambiwa nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti.

Mwanao,
Sonyul


Bamgol, 28 Desemba

Kwa binti yangu Sonyul,

Natumai u mzima na mtungi wa pili bado umefungwa. Huku theluji imefika magotini, na goti la mama yako, ajabu, limetulia. Barua yako nimemsomea yote. Alisema "vizuri," akaenda kuosha vyombo, na aliosha muda mrefu.

Leseni yangu na ya Pyo zilikuwa zinaisha mwaka huu, na kama kawaida kila mwenye leseni ya kuisha alingoja wiki ya mwisho. Jana mimi na Pyo tulipanda basi pamoja. Foleni ilifika mlangoni. Nilipima macho, nikapigwa picha ambayo nimetoka kama marehemu, kisha nikafika kwenye kile kioo cha kujibia swali lenu. Nimeona mmeweka ubao kila upande ili wa nyuma asichungulie. Karani akageuza uso dirishani bila kuambiwa. Swali likatokea.

Nilijibu.

Nilichukua muda kidogo, si kwa sababu sikujua, ila kwa sababu nilifikiria kwamba swali hili limetengenezwa na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nyuma yangu Pyo alikaa mbele ya kioo hicho muda mrefu kuliko mimi.

Baadaye tulikula supu ya tambi karibu na stesheni. Pyo akainama juu ya bakuli lake akaniuliza, "Haya, Baba Sonyul, mimi na wewe tu. Ulisema nini?"

Nikamwambia amuulize binti yangu. Alicheka hadi supu ikampalia, na mwenye mgahawa akaja kumgonga mgongo.

Baba yako